Amana na Ulinzi: Uhakiki wa Istilahi za Kuhifadhi Siri za Biashara

Makala haya yanakusudia kuhakiki fungu moja la istilahi ambalo katika miaka ya karibuni limeingia maofisini, mahakamani na madukani kwa haraka sana, nalo ni fungu la maneno yahusuyo kuhifadhi siri za biashara zilizomo katika kompyuta na simu. Sheria ya Makosa ya Mtandao na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki zilipitishwa mwaka 2015. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023. Nyuma ya kila sheria hufuata kanuni, fomu, miongozo ya wafanyakazi, mabango ya ukutani na masomo ya semina, na kila kimoja kati ya hivyo hudai maneno. Mtafsiri aliyeko mkoani, ambaye ametakiwa kuuleta mwongozo wa kurasa arobaini kwa Kiswahili kabla ya Ijumaa, hana nafasi ya kungoja kikao cha kusanifu istilahi. Huokota analoliona, na aghalabu analoliona ni kivuli cha neno la Kiingereza.

Hatukusudii kuwalaumu watafsiri hao. Hoja yetu ni kwamba istilahi nyingi tulizo nazo zimetungwa kwa kuitazama mashine na kumtazama adui wa nje, wala hazikumtazama yule mtu aliyekabidhiwa siri. Neno lililoshika usukani ni ulinzi: ulinzi wa data, ulinzi wa taarifa, afisa ulinzi. Sasa mlinzi twamjua. Yeye hukaa langoni na rungu lake, akimwangalia mgeni anayekuja. Karani aliye ndani ya nyumba hamhusu. Nazo siri za biashara mara nyingi hutoka kwa mkono wa yule yule aliyepewa azitunze, ama kwa tamaa, ama kwa uzembe, ama kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba alichokishika ni mali ya mwingine. Kwa jambo hili Kiswahili kina neno lake, tena la zamani, nalo ni amana. Tutaonyesha kwamba neno hili lina kazi ambayo ulinzi haliwezi kuifanya, na kwamba kulikosa kumeyavuta makosa mengine.

Mifano yetu mingi tutaitoa Tabora na katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo hadi Unyanyembe, na kutoka hapo ikaelekea Ujiji. Hatufanyi hivyo kwa mapenzi ya mambo ya kale. Unyanyembe ndiko Kiswahili cha biashara kilikoota mizizi barani mapema kabisa, kabla ya shule za misheni na kabla ya serikali ya Wadachi. Burton na Speke walipofika Kazeh, mahali panapoitwa leo Tabora, mwezi wa Novemba mwaka 1857, walikuta wafanyabiashara wa pwani wamekwisha jenga matembe yao, wana mawakala, wana wadeni, na wana barua zinazokwenda na kurudi. Wanyamwezi nao walikuwa wapagazi na wafanyabiashara mashuhuri, waliokuwa wakiijua njia ile kuliko watu wa pwani wenyewe. Maneno ya kazi hiyo bado tunayo, ingawa mengine yamegeuka: mtumba ulikuwa robota la nguo begani mwa mpagazi, na leo ni shati lililovaliwa Ulaya.

Je, msafara ulikuwa na siri gani ya kuficha? Wasomaji wengi watadhani ni pembe. La, pembe huonekana. Siri kubwa ilikuwa ushanga. Stanley, alipokuwa akijiandaa Unguja mwaka 1871, ilimbidi awaulize wafanyabiashara wazoefu ni ushanga wa rangi gani unaopokelewa katika nchi gani, kwa kuwa ushanga mweusi ulikuwa fedha halali Ugogo lakini ukakataliwa karibu kila mahali pengine, na zile shanga kubwa mfano wa yai zilitafutwa Ujiji na Uguha, wala hazikununua kitu kwingineko. Tena mapendeleo hayo yalibadilika. Aliyebeba rangi isiyotakiwa alikuwa amebeba mawe. Kwa hiyo habari ya kwamba mwaka huu watu wa mahali fulani wameacha rangi hii wakaishika ile ilikuwa na thamani kuliko mizigo kumi ya bidhaa yenyewe, na aliyeipata hakuitangaza barazani. Tukiongeza juu ya hapo kiasi cha deni ambalo mfanyabiashara wa bara alidaiwa na tajiri wake wa Unguja, na bei aliyoahidiwa kwa frasila ya pembe, tumekwisha pata orodha kamili ya kile ambacho miongozo ya leo inakiita taarifa nyeti za biashara. Msomaji anayetaka kuona jinsi mambo ya deni, mali na wakala yalivyosemwa kwa Kiswahili cha watu wenyewe na asome maisha ya Tippu Tip aliyoyasimulia mwenyewe, ambayo yalichapishwa mwanzoni mwa karne ya 20 na baadaye yakatafsiriwa kwa Kiingereza na W. H. Whiteley.

Katika biashara hiyo, mtu hakuweza kwenda kila mahali na mali yake yote. Aliiacha kwa mwenzake. Aliacha pembe, aliacha nguo, aliacha barua, na mara nyingine aliacha neno tu: ukimwona fulani mwambie kadha. Kitu kilichoachwa hivyo kiliitwa amana. Maana yake ina sehemu tatu. Kwanza, kitu ni cha aliyekiweka, si cha anayekishika. Pili, anayekishika haruhusiwi kukitumia ila kwa lile aliloambiwa. Tatu, akitakiwa kukirudisha, hana budi kukirudisha kama kilivyokuwa. Asiyefanya hivyo amekula amana, na jina lake huharibika kutoka Tabora hadi Unguja. Hatuwasifu wafanyabiashara wale, maana katika daftari zao kulikuwa na watu walioandikwa kama bidhaa, na uaminifu wao baina yao haukuwafikia hao. Twasema tu kwamba lugha ilikuwa na neno, na neno lilikuwa na meno.

Na tulitazame sasa neno la sheria. Sheria ya mwaka 2022 humtaja anayepokea taarifa za watu kuwa ni mkusanyaji, na anayezishughulikia kwa niaba ya mwingine kuwa ni mchakataji. Hatuna ugomvi na vifungu vya sheria hiyo, ambavyo vimewawekea watu hawa wajibu mwingi. Ugomvi wetu ni na majina. Mkusanyaji ni jina la kitendo. Kuna mkusanyaji wa kodi, mkusanyaji wa kuni na mkusanyaji wa ngano na methali. Alichokikusanya mtu, katika masikio ya Mswahili, ni chake: amekihangaikia, amekipata. Mchakataji naye ni mtu wa kiwandani, mwenye katani au mihogo mbele yake. Hakuna hata jina moja kati ya haya mawili linalomwambia karani kwamba kilicho mezani pake si chake.

Linganisha na benki. Mteja anafika dirishani Tabora mjini, anatoa vitu viwili. Kitu cha kwanza ni fedha. Fedha hizo, kwa lugha ya benki na ya Serikali, ni amana. Hata chombo kinachomfidia mteja benki inapofilisika kinaitwa Bodi ya Bima ya Amana. Kitu cha pili ni jina lake, namba ya kitambulisho chake, namba ya simu yake, kazi yake na kipato chake. Hivi navyo ni taarifa zilizokusanywa. Mtu ni yule yule, dirisha ni lile lile, karani ni yule yule. Lakini cha kwanza amekiweka, na cha pili amekusanyiwa. Sisi hatuoni sababu ya kilugha ya kuvitenga hivyo.

Watunga sheria wanaweza kutujibu, na jibu lao si dogo. Watasema kwamba amana ya benki siyo amana ya Unyanyembe, kwa kuwa benki huzikopesha fedha za mteja kwa watu wengine na kupata faida, na mteja anadai kiasi, hadai noti zile zile. Tukiziita taarifa za mteja amana kwa maana hiyo, tutakuwa tumeipa kampuni ruhusa ya kuzikopesha na kuziuza! Hoja hii ni ya kweli. Ndiyo maana twasema kwamba neno lisiingizwe tupu, bali liingizwe na fasili yake, na fasili iwe ile ya zamani yenye sehemu tatu tulizozitaja. Neno ambalo benki imelilegeza laweza kukazwa tena, mradi anayelikaza aandike anavyolikaza. Kinyume chake, neno mkusanyaji haliwezi kukazwa kwa namna yoyote, kwa sababu halina wajibu ndani yake tangu mwanzo.

Kuna upande mwingine ambao sheria hiyo, kwa hali yake, haiugusi. Yenyewe yahusu taarifa za mtu, haihusu siri za duka. Orodha ya bei, masharti ya mkopo, majina ya wanunuzi wakubwa, hesabu ya mzigo uliomo ghalani: hivi kwa kampuni ni roho, lakini si taarifa binafsi ila pale vinapomtaja mtu. Kwa vitu hivi watafsiri wanatumia maneno manne kwa pamoja, mara nyingine katika ukurasa mmoja: siri za biashara, taarifa za siri za kibiashara, taarifa nyeti na data nyeti. Twapendekeza siri za biashara. Ni fupi na kila mtu analijua. Kuhusu nyeti, tunakubali kwamba limekwisha enea na sheria inalo. Lakini mwalimu yeyote aliyewahi kulitamka mbele ya darasa la vijana anajua kwa nini tunasita.

Neno taarifa lenyewe lina kasoro ambayo haijasemwa vya kutosha. Taarifa, katika matumizi ya kawaida, ni kitu kinachotolewa: mtu hutoa taarifa polisi, hupokea taarifa ya kikao, husikiliza taarifa ya habari saa mbili usiku. Taarifa isiyotolewa bado si taarifa. Kwa hiyo tunaposema kulinda taarifa, twasema kulinda kitu ambacho asili yake ni kusambazwa. Neno data, ambalo wengi walilipinga kwa ugeni wake, halina kasoro hiyo, na limekwisha pata watoto wema. Kanzidata, kwa mfano, limeundwa vizuri kwa kuwa kanzi ni hazina, na hazina haikosi mwenyewe. Hatusemi kwamba taarifa liondolewe sheriani. Twasema kwamba ndilo linalozidi kuhitaji neno amana kando yake.

Tuje kwenye kosa ambalo kwetu ndilo kubwa kuliko yote, nalo liko katika kitenzi. Siri za kampuni zikienda kwa watu wasiohusika, Kiswahili cha ofisini husema kwamba taarifa zimevuja. Kuvuja ni kitenzi kisicho na mtendaji. Paa huvuja, ndoo huvuja, mtumbwi huvuja. Walimu wanalijua neno hili kwa uchungu katika habari za kuvuja kwa mitihani, na wanajua kwamba mtihani haukuwa na tundu: kulikuwa na mtu, alikuwa na ufunguo, alipokea kitu. Kitenzi kilimficha. Lugha yetu ina kiambishi cha kumtafuta mtu huyo, na ni silabi moja tu: kuvujisha. Kwa hiyo katika hati yoyote rasmi, pale ambapo kuna aliyefanya, iandikwe taarifa zimevujishwa, na tukio lenyewe liitwe uvujishaji. Neno uvujaji libakie kwa matukio ambayo kweli hayana mkono wa mtu, nayo ni machache. Na pale ambapo aliyevujisha ndiye aliyekabidhiwa, hatuoni aibu kuandika amekula amana. Mawakili watataka neno pole zaidi. Wanaweza kuandika amevunja amana.

Habari ya barua za Livingstone inafaa hapa. Akiwa Ujiji mwaka 1869 aliandika barua nyingi za kwenda pwani, zikapotea, naye aliamini kwamba ziliharibiwa na watu walioogopa yale aliyoyaandika juu ya biashara yao ya watumwa. Fikiri hali ilivyokuwa. Hapakuwa na njia ya kupeleka barua ila kwa msafara, na msafara ulikuwa wa watu wale wale waliotajwa ndani ya barua. Hapakuwa na adui langoni. Alikuwa mbebaji. Mlinzi, hata angekuwa hodari namna gani, angeulinda mzigo ule hadi ufike mikononi mwa mharibifu.

Habari ya pili ni tofauti, na yafundisha istilahi nyingine. Mfuko wa barua za Livingstone ulioandikwa tarehe 1 Novemba, 1870 ulitumwa kutoka Unguja, ukakwama Unyanyembe, na Stanley ndiye aliyeuchukua akaufikisha Ujiji alipokutana naye mwezi wa Novemba mwaka 1871, yaani mwaka mmoja baadaye. Tuseme kwamba siri zilizokuwamo zilihifadhika. Je, amana ilitimizwa? La, kwa kuwa isiyofika haimfai aliyetumiwa. Wataalamu wa kompyuta hutaja mambo matatu ambayo mfumo wowote wa kuhifadhi siri hauna budi kuyatimiza: siri isijulikane na asiyehusika, kitu kisibadilishwe, na kipatikane kinapotakiwa. La kwanza huitwa usiri, na la tatu upatikanaji. Maneno haya ni mema. La pili limeharibiwa. Katika tafsiri nyingi utalikuta limeandikwa uadilifu wa data, kana kwamba data huswali na kulipa zaka. Uadilifu ni sifa ya mtu mwenye dhamiri. Kitu ambacho hakikuguswa wala kupunguzwa ni kizima, na sifa yake ni uzima. Hata mpagazi asiyejua kusoma alijua kama mtumba aliobeba ni mzima au umefunguliwa. Tunapendekeza uzima wa data, na atakayelikataa atuletee jingine, ila asituletee uadilifu.

Uzima wa barua ulithibitishwa kwa muhuri na lakiri. Hapa pana tofauti ambayo maneno yetu ya kisasa yanaichafua. Muhuri hauzuii mtu kufungua. Humwambia mpokeaji kwamba imefunguliwa. Kufuli huzuia. Fumbo haliwezi kueleweka hata likifunguliwa. Hivi ni vitu vitatu, na kompyuta inavyo vyote vitatu. Lakini katika miongozo utaona neno kufunga likitumika kwa vyote, na mfanyakazi akiambiwa kwamba faili limefungwa hajui kama limefichwa, limezuiwa au limethibitishwa.

Kwa fumbo, neno lililopendekezwa na linalotumika katika programu nyingi ni usimbaji fiche. Tumelijaribu mara kadha kwa watu wasio wa fani, na kila mara kwanza wamemsikia simba. Ubaya wake mkubwa zaidi ni urefu: lina kitenzi kisichojulikana, halafu kivumishi cha kukieleza kitenzi hicho. Hali Kiswahili kina jozi iliyo tayari, kufumba na kufumbua. Tunafumba maneno, tunafumba jambo, tunafumbua fumbo. Data iliyofumbwa, ufunguo wa kufumbulia. Na methali yetu ya fumbo husema kwamba mwerevu hulifumbua au huling'amua, kitenzi ambacho raia wenyewe walikikubali katika neno king'amuzi wakati wa kuhama kwenda matangazo ya dijiti, ingawa wenye mamlaka walilipenda zaidi neno kisimbuzi. Ukienda dukani leo utayasikia yote mawili, lakini fundi wa antena wa Tabora anasema king'amuzi.

Mengine tutayapitia haraka. Ukuta wa moto ni tafsiri iliyogeuka kinyume: neno la Kiingereza lilikuwa la waashi, likimaanisha ukuta wa kuuzuia moto usivuke kutoka chumba hadi chumba, na sisi tumeujenga ukuta wenyewe kwa moto. Kiambaza au ngome, lolote laweza kutosha. Nywila na nenosiri yamegombana kwa miaka mingi, na wakati yakigombana watu wamekwisha kuafikiana juu ya namba ya siri, ambayo husomwa kila siku katika simu za mamilioni. Lile lenye herufi tuliite neno la siri, mambo yaishe. Chelezo kwa nakala ya akiba ni neno la mvuvi lililopakiwa mzigo usio wake. Nakala ya akiba inatosha. Udukuzi ni neno zuri. Lina ukoo na kudukiza, yaani kusikiliza kwa siri maneno ya watu, na limepokewa bila kulazimishwa. Ila lisitumike kwa kila wizi. Aliyepewa namba ya siri kwa hiari hakudukua.

Pana neno moja la msafara ambalo tulijaribiwa kulipendekeza, kisha tukaliacha. Kuna programu haribifu zinazoingia katika kompyuta za kampuni, zikaifumba data yote, kisha wenyewe wakadai fedha ndipo waifumbue. Malipo ya namna hii yangefanana na hongo, ambayo msafara ulilipa kwa watemi ili njia ifunguliwe. Mirambo alipoifunga njia ya Ujiji mwaka 1871, wafanyabiashara wa Unyanyembe walijua vema gharama ya njia iliyofungwa. Lakini hongo la leo ni rushwa, wala hakuna tangazo la baraza lolote litakalolirudisha kuwa ushuru wa njia. Na tena, mtemi alikuwa akitoza katika nchi yake. Mwizi wa kompyuta hana nchi. Afadhali kikombozi, ambalo ni malipo ya kumkomboa mateka, na programu yenyewe iitwe programu tekaji.

Huenda msomaji akauliza, haya yote yanamhusu nani nje ya ofisi za Dar es Salaam na Dodoma? Tumjibu kwa daftari la wakala. Huduma ya M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na kwa miaka mingi kila mteja wa huduma za fedha kwa simu aliandikwa katika daftari juu ya meza: jina, namba, kiasi, saini. Daftari lilikaa wazi. Aliyefuata katika mstari aliweza kusoma ni nani ametoka kupokea shilingi ngapi na namba yake ni ipi. Kisha watu wakaanza kupata ule ujumbe unaojulikana nchi nzima, wa kwamba ile pesa itumwe kwenye namba hii. Hatusemi kwamba kila tapeli alisoma daftari. Twasema kwamba hapakuhitajika udukuzi wowote, na kwamba wakala, ambaye jina lake lenyewe ni la enzi za misafara, hakuambiwa kwa neno analolijua kwamba ukurasa ule ni amana ya wateja wake. Aliambiwa atunze kumbukumbu. Akazitunza.

Mamlaka ya Mawasiliano imeweka namba 15040 ya kupeleka ujumbe wa namna hiyo, na kampeni ya mwaka 2024 ilipewa jina Sitapeliki. Kwa ufundi wa lugha jina hili twalisifu: ni neno moja, ni Kiswahili hai, na halikutafsiriwa kutoka popote. Ila tazama mzigo umewekwa juu ya nani. Anayesema sitapeliki ni mteja. Bado hatujaona bango ambalo mwenye daftari ndiye anayesema.

Nao wakulima wa tumbaku wa Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui, wenye vyama vyao vya msingi, hawako mbali na habari hii. Chama kina kilo za kila mtu, daraja la tumbaku yake, mbolea aliyokopeshwa, deni lililobaki, namba ya simu na namba ya akaunti. Zamani vitu hivi vilikaa katika kabati la katibu na ufunguo wake mmoja. Sasa vinaingia katika kompyuta, na karatasi ya mafunzo inayokuja pamoja na kompyuta husema sentensi ya aina hii: mtumiaji ahakikishe usalama wa mtandao na ulinzi wa data nyeti dhidi ya vitisho vya nje. Katibu akiisoma ataelewa nini? Mtandao, kwake, ni kampuni ya simu, au ni ile minara inayokosa mawimbi wakati wa mvua. Vitisho vya nje havioni. Deni la jirani yake, alilolisema kilabuni jioni kwa mzaha, hakulihesabu kuwa data. Sentensi hiyo yaweza kuandikwa hivi: hesabu za kila mwanachama ni amana mkononi mwako, usimwonyeshe mtu mwingine, usizitumie kwa jambo lako, na uzitoe zikiwa nzima mwenyewe anapozidai. Maneno yameongezeka kidogo, lakini hakuna hata moja linalohitaji semina.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba katika miongozo, fomu na masomo, pale sheria inaposema mkusanyaji, mfasiri aliache neno la sheria kama lilivyo, kisha aliongezee mara ya kwanza maelezo ya kwamba huyo ni mtunza amana ya taarifa. Jina mtunza amana lisitumike kwa mtu anayelinda mitambo tu. Huyo na abaki mlinzi wa mfumo, maana ulinzi nao una mahali pake. Swali lililobaki, ambalo tungependa kusaidiwa na walimu na watumishi walioko Tabora, Igunga na Nzega, ni la jina la yule anayezishika taarifa kwa niaba ya mtunza amana, yaani mchakataji wa sheria. Je, katika vyama vya tumbaku na kwa wafugaji wa nyuki, mtu anayepokea kitu kutoka kwa aliyekabidhiwa, akikipeleka mbele bila kuwa mwenyewe, huitwaje? Tungefurahi kulipata kama linavyosemwa huko, Kinyamwezi au Kiswahili, pamoja na sentensi mbili tatu za kulionyesha matumizi yake.